Mtoto wa Jicho

Juzi nilimsindikiza mama mkwe wangu hospitali, hapa mjini Tabora, akapimwe macho. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la mbao tangu saa mbili asubuhi, mkwe kaniegemea begani, kliniki nzima inanuka dawa ya kudekia na jasho la watu waliotoka mbali. Muuguzi akachungulia mlangoni na orodha yake, akaita, "Wale wa mtoto wa jicho, simameni mje upande huu." Nikasimama. Sikusimama ili nimsaidie mkwe, yeye alikuwa bado anasinzia. Nilisimama kwa kuwa nimeitwa. Nilishapiga hatua mbili ndipo muuguzi akanitazama na kuniuliza, "Dada, mbona wewe macho yako mazima?" Benchi zima likacheka, nami nikacheka nao, maana ungefanyaje.

Ninyi wenzangu mliolelewa na bibi zenu mtanielewa nikisema kuna maneno hayakui. Sisi tunakua, tunaolewa, tunanenepa, tunaanza kusogeza simu mbali na uso ili tuweze kusoma, lakini neno linabaki na umri uleule tuliokuwa nao siku tulipolisikia. Hilo la muuguzi lina miaka minane na linaishi Ipole.

Nilipelekwa Ipole kwa bibi mzaa mama nikiwa darasa la pili. Kabla ya hapo tulikaa mjini, mimi na mama, katika chumba kimoja cha kupanga. Kisha mama akapata mchumba wa Nzega, mtu wa ng'ombe, na mtu huyo hakuwa na haja na mtoto wa kufikia. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliambiwa Bibi macho yake yanasumbua, anahitaji mtu wa kumshika mkono. Lakini nilikuwa nimemsikia mama mdogo uani, wakipeta mchele, akimwambia mama, "Dada, huyu mtoto ndiye anayekuzibia. Mtoe kwanza, mengine yatanyooka." Mama aliendelea kupeta. Wiki iliyofuata nikawa ndani ya basi la Sikonge na begi langu la shule limejaa nguo badala ya madaftari.

Bibi alikuwa mrefu, mkavu, Mmoravian wa kanisani kila Jumapili, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Babu alimwachia mizinga kumi na miwili ya nyuki huko porini. Jirani ndiye aliyekwenda kurina, akaleta asali nyumbani, Bibi akakamua masega kwa mikono. Nyumba yote ilinuka nta na moshi, hata uji, hata shuka. Nilipofika aliniweka mlangoni penye mwanga, akanigeuza uso huku na huku, mwisho akasema, "Umekua." Lilikuwa neno la adabu tu. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na sasa alikuwa akiona vivuli.

Nililigundua hilo siku ya pili. Tulikuwa tumekaa ndani, mafiga ya baridi, hakuna hata kijinga kimoja kinachowaka, naye akasema, "Kabula, mbona umejaza moshi humu?" Nikamwambia, hakuna moshi, Bibi. Akasema, "Basi fungua dirisha." Nikaenda kufungua dirisha lililokuwa wazi.

Tangu hapo nikawa mkono wake. Nilimpeleka shambani, kisimani, kanisani, kwa jirani, mkono wake wa kushoto umenikamata begani kwa vidole vigumu. Watu wakituamkia njiani alinisukuma mbele kidogo na kusema, "Huyu ndiye jicho langu." Alilisema kwa majivuno, nami nilivimba kichwa. Kijiji kizima kikaniita hivyo, jicho la Bibi. Lakini jicho haliachwi likacheze. Watoto wenzangu walicheza rede kwa Kinyamwezi, lugha ambayo kwa mama hatukuizungumza, na wao waliona Kiswahili changu cha mjini kina maringo. Bibi mwenyewe aliongea nami Kiswahili tu, kama mtu anayeongea na mgeni. Jioni nilirusha mpira wa makaratasi ukutani, ukanirudia, nikaurusha tena. Nilikuwa mpweke, na sikujua kwamba hali ile ina jina. Nilidhani ndivyo Ipole ilivyo.

Mtu pekee aliyekuja kwetu bila shida ya asali alikuwa Mama Mihayo, mhudumu wa afya wa kijiji. Hakuwa daktari wala muuguzi, na mshahara hakuwa nao. Alikuwa mkulima kama wengine, aliyewahi kwenda semina, akapewa fulana, baiskeli na daftari kubwa. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza. Mnalala chini ya chandarua? Choo kina mfuniko? Nani anakohoa? Huyu mtoto amechanjwa? Lile alilolimudu alilimaliza hapohapo, na lile lililomshinda alilibeba kwa baiskeli mpaka zahanati, au kwa mtendaji wa kijiji, au kwa bwana ustawi wa jamii kule Sikonge. Watu walimwita Mama Maswali akishageuza mgongo, na wengine walipoona baiskeli yake walifunga mlango wakajifanya wamekwenda shamba. Leo ninapofikiria kilomita alizozikanyaga yule mama kwa ajili ya watu wanaojificha nyuma ya milango, nasikia aibu kwa niaba ya kijiji kizima. Mimi mwenyewe nimo.

Siku moja alikuja asubuhi. Wakaamkiana na Bibi, mwangaluka kwa mwangaluka, ndefu, na maulizo ya mifugo yote. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, jicho la Bibi," kisha Bibi akanituma nyuma ya jiko nikamenye karanga. Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta na ungo mapajani. Upande wa pili nilisikia Mama Mihayo akimwelekeza Bibi atazame juani, atazame chini, ahesabu vidole. Walizungumza Kinyamwezi. Nilishika neno moja moja tu, yale ya Kiswahili yaliyodondoka katikati kama chuya kwenye mchele.

"Mtoto," alisema Mama Mihayo. Kinyamwezi kingi. "Ameshakomaa." Kinyamwezi. "Lazima atolewe." Kisha likaja neno mjini, likaja neno gari, na Ijumaa ya wiki ijayo. Bibi aliuliza jambo kwa sauti ya chini. Hapo Mama Mihayo akajibu kwa Kiswahili kitupu, kile cha semina, kama anayesoma bango la zahanati: "Mtoto akiachwa hapohapo, mama, atakuzibia kabisa."

Karanga zikaacha kumenyeka. Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo uani kwa mama, mtoto, kutolewa, kuziba, yote matatu, na niliyajua yanakoishia. Yanaishia kwenye basi. Ila safari hii sikujua basi lenyewe lingekwenda wapi, maana zaidi ya mama na Bibi sikuwa na mtu mwingine wa kupelekewa.

Siku tatu baadaye Mama Mihayo akarudi na karatasi mbili, moja ya zahanati na nyingine barua ya mtendaji yenye mhuri. Kabla hata hajaketi Bibi akamshika, safari hii kwa Kiswahili, lugha ya hizo karatasi.

"Nasikia mmeniandika asiye na uwezo."

"Mama, ni maneno ya ofisi tu. Bila hayo hospitali hawakupokei bure."

"Nani hana uwezo? Mimi nina mizinga kumi na miwili. Andikeni macho mabovu. Macho nakubali."

"Macho yameandikwa vilevile, mama."

"Basi hayo mengine mfute."

Walivutana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho Bibi akakubali kwa sharti kwamba barua ile isisomwe mbele za watu kanisani, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kufikiria kulifanya. Mama Mihayo akanigeukia mimi. "Wewe ndiye msomaji wa nyumba hii," akasema. "Zitunze karatasi hizi. Ijumaa umlete Bibi zahanati kabla ya saa nne. Gari la macho halisubiri mtu, na mimi nitakuwa kijiji cha pili nakusanya wengine, siwezi kuwafuata. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Alipoondoka nikaenda nazo nyuma ya nyumba. Ile ya zahanati iliandikwa mwandiko wa kukimbia, haikusomeka. Ile ya mtendaji iliandikwa kwa herufi kubwa za mtu anayejivunia kalamu yake. Nikaisoma silabi kwa silabi, kidole juu ya karatasi. Mkazi wa kijiji hiki. Asiye na uwezo. Ana mtoto wa jicho. Naomba apatiwe huduma.

Mtoto wa jicho. Bibi yangu alikuwa na jicho moja tu lililojulikana Ipole nzima, na jicho hilo lilikuwa mimi. Nilikuwa nimebakiwa na tumaini dogo kwamba sikusikia vizuri, na sasa nimeandikwa, nimepigwa mhuri. Nakumbuka nilipitisha kidole juu ya ule mhuri wa zambarau kuona kama unafutika.

Sikumwambia mtu. Kwanza sikuwa na mtu wa kumwambia. Lakini kwa siku zilizobaki nilijaribu kuwa mtoto asiyeziba. Nilifagia uwanja mara mbili kwa siku, nikachota maji ndoo mbili badala ya moja, nikala kidogo. Tukiwa tumekaa nilihakikisha sipo mbele ya macho yake. Nilikaa ubavuni, kisha nikasogea nyuma kabisa, nikachungulia kuona kama anaona vizuri zaidi. "Mbona umekaa mbali leo?" akauliza. Nikasema jua linanichoma. "Jua gani la ndani?" akasema, na akacheka, na mimi nikabaki nyuma yake nikiutazama mgongo wake.

Ijumaa Bibi aliamka kabla yangu. Akavaa kitenge cha kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akachukua chupa ndogo ya asali ya kumpa daktari, kwa kuwa hakutaka kwenda mikono mitupu kama mtu asiye na uwezo. Karatasi nilizikunja ndani ya sketi yangu. Tukatoka, mkono wake begani kwangu. Mbele ya nyumba ya mwisho njia inagawanyika. Ya kushoto inakwenda zahanati. Ya kulia ni ya mchanga, inaingia porini, ile waliyoipita wapagazi zamani kutoka huku kwenda pwani na kurudi, na sasa inapitwa na wakata kuni na warina asali. Nilisimama pale kidogo kama ninayerekebisha kandambili. Kisha nikageukia kulia.

Baada ya hatua kadhaa miguu yake ikasikia.

"Kabula, mbona hapa mchanga?"

"Wamemwaga, Bibi. Wanatengeneza barabara."

"Nani?"

"Serikali."

"Serikali imefika Ipole!" akasema, akacheka peke yake. Tukaendelea. Miti ikakaribiana, sauti za majogoo zikabaki nyuma, jua likapanda. Nilitembea taratibu nikihesabu hatua ili nisifikirie. Vidole vyake begani kwangu havikukaza wala kulegea, na hicho ndicho kilichonitesa, kwamba aliendelea kuniamini kwa uzito uleule. Tulipofika mahali ambapo mchanga unakuwa mwekundu akasimama, akanusa.

"Hii ni njia ya wapagazi," akasema.

Nikafukua mchanga kwa kidole cha mguu.

"Umepotea?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi tukae. Aliyepotea hakimbii."

Tukakaa kwenye gogo. Alifungua chupa ya asali ya daktari akanilambisha kidole kimoja, na yeye kimoja, akaifunga. Baadaye kidogo, mbali upande wa kushoto, gari likapiga honi mara moja, ndefu. Bibi akageuza uso kule. "Ndilo lile," akasema. Nilimtazama jinsi alivyoendelea kugeukia kule hata baada ya mlio kwisha, mdomo wazi kidogo kama anayesubiri lipige tena.

Mama Mihayo alifika alasiri, tukiwa tumesharudi nyumbani, amelowa jasho, baiskeli akaitupa chini badala ya kuiegemeza. "Mlikuwa wapi? Nimembembeleza dereva mpaka watu wamenitukana! Nafasi yako, mama, wamempa mwingine!"

"Miguu yangu, Mama Mihayo," akasema Bibi. "Leo imekataa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Bibi hakugeuka upande wangu. Alidhani nilipotea njia, akaona heri aonekane yeye mzee wa miguu mibovu kuliko mimi kuonekana mtoto asiyejua kazi yake. Waswahili husema majuto ni mjukuu. Mwalimu wetu aliupenda sana msemo huo, kila akichapa mtu lazima ausindikize, nami kila nilipousikia nilitazama chini, maana nilijua mjukuu anayesemwa ni nani.

Gari lile lilikuwa halirudi mpaka baada ya mvua, na mvua zilikuwa hazijaanza. Basi zikaja, zikanyesha, mahindi yakatoka, yakakomaa. Katika muda huo moshi wa Bibi ukawa mzito. Alimimina chai nje ya kikombe ikamwunguza mkono, kidonda kikachukua wiki tatu. Aliacha kukamua masega kwa sababu aliwaponda nyuki waliobaki ndani, wakamuuma. Kuna Jumapili alimwamkia nguzo ya kanisa kwa heshima zote, na watu wazima wakageuka pembeni wasicheke. Mimi nilikuwa ndiye mwenye furaha pekee pale kijijini kwa sababu sijatolewa, na furaha hiyo ilikuwa chungu kama dawa. Nilimshika mkono kwa bidii, nilimwelezea rangi za kuku, nilimsomea Biblia kwa kukosea. Kila alivyozidi kunihitaji ndivyo nilivyozidi kuogopa uso wake. Mtoto mwenye siri hana rafiki hata kama watoto wamejaa uwanjani, kwa kuwa mchezo wowote anaoucheza, siri imekaa kando inamsubiri.

Mvua zilipokatika niliona baiskeli kwa mbali. Sikungoja. Nilikuwa na begi langu tayari chini ya kitanda tangu Ijumaa ile, nikalivuta, nikakimbilia nyuma ya kihenge cha mahindi na kujibanza. Nilisikia mwangaluka, nilisikia jina langu, kisha nikaona miguu yenye vumbi imesimama mbele yangu.

"Unanikimbia mimi, Kabula? Nimekufanya nini?"

"Sitaki kutolewa."

"Kutolewa wapi?"

"Hapa. Ulisema wewe mwenyewe. Mtoto amekomaa, lazima atolewe, atamzibia Bibi. Na mkaandika. Mtoto wa jicho. Kuna mhuri."

Mama Mihayo alianza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono, na kicheko kikaishia nyuma ya mkono ule. Alitazama lile begi. Halafu akachuchumaa, akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye kigoda cha Bibi. Akamgeuza Bibi uso kwenye jua na kumfungua jicho kwa vidole viwili, taratibu.

"Sogea. Usiogope, sogea. Tazama katikati ya mboni. Unaona nini?"

"Weupe."

"Kama nini?"

"Kama unga."

"Huo weupe ndio watu wanaouita mtoto wa jicho. Hana miguu, hana jina, wala halii. Huyo ndiye atakayetolewa. Wewe ni Kabula."

Nilitazama ule unga. Sikuwahi kulitazama jicho la Bibi kwa karibu namna ile, nami ndiye niliyekuwa nikiitwa jicho lake. Bibi alikuwa ametulia kabisa, uso juani.

"Kwa hiyo siku ile mchangani," akasema, "hukupotea."

"Hapana, Bibi."

Alimwambia Mama Mihayo maneno machache kwa Kinyamwezi, ya chini sana, na Mama Mihayo akainamisha kichwa. Wakati huo Kinyamwezi nilishakijua, lakini hayo sikuyapata, na mpaka wote wawili wanakufa hakuna aliyenitafsiria. Kisha Bibi akanigeukia na Kiswahili chake cha siku zote. "Nenda kachote maji," akasema. Nikaenda kuchota maji. Begi nililirudisha ndani, nguo nikazitundika kwenye msumari.

Gari lilipokuja tena nilimfikisha zahanati kabla hata ya mlinzi kufungua. Tulikuwa wa kwanza. Nilitoa karatasi mpya kwa mikono miwili. Bibi alipanda na wazee wengine wanne, akasafiri mjini, mimi nikalala kwa Mama Mihayo na watoto wake, ambao walinipa mto na hawakunipa neno. Siku ya tatu Mama Mihayo alikwenda zahanati kuulizia habari, akarudi, akanikalisha jikoni. Daktari ametengeneza jicho la kulia, alisema, na limekubali. La kushoto ameliacha. Limekaa muda mrefu mno.

Hakusema tangu lini. Hakuitaja Ijumaa. Alinipa kiazi cha kuchoma na kuendelea kutwanga karanga, nami nikakaa nacho mkononi mpaka kikapoa, nikiwaza kwamba lile la kushoto lilikuwa ndilo la upande wangu, upande nilioshikwa bega.

Siku ya gari kurudi nilioga mapema, nikavaa gauni la kanisani, nikasimama mstari wa mbele kabisa. Watoto walikuwa wengi, maana gari kijijini ni sinema. Mlango ukafunguliwa. Dereva akanyoosha mkono, Bibi akaukataa. Alishuka mwenyewe huku akitazama ngazi, akatazama miguu yake, akatazama mchanga, kisha akainua kichwa akatazama watu. Sijapata kuona mtu akitazama namna ile. Alikuwa akicheka bila sauti. Alikuja moja kwa moja upande wangu, nami moyo ukawa mkubwa mpaka nikakosa pumzi ya kuita.

Jicho lake likapita kwenye nyuso za watoto, moja baada ya nyingine, likafika kwangu, likapita. Kisha likarudi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu. Akainama kidogo na kuniambia kwa Kinyamwezi, lugha aliyozungumza na watoto wa wenzake lakini si na mimi hata siku moja, "Mwanangu, hebu nitafutie mjukuu wangu. Anaitwa Kabula. Mwambie bibi yake amefika."

Nilielewa kila neno. Na kwa kuwa mtoto aliyetumwa na mzee habishi, nikaitikia kwa kichwa, naye akaona nilivyoitikia. Nikakimbia mpaka nyuma ya zahanati, pale wanapochomea takataka, nikasimama nimebana mgongo ukutani. Nilikuwa nimetumwa nikamtafute Kabula na sikujua pa kuanzia. Nilikuwa nimelia mara nyingi Ipole, lakini kilio cha pale ukutani sijakilia tena mahali popote. Nilidhani sasa ndiyo nimetolewa kweli, na aliyenitoa hajui.

Kutoka upande wa mbele nilimsikia akiuliza. Alimuuliza dereva, akamuuliza mlinzi, akawauliza watoto, na kila akiuliza sauti yake ilipoteza kicheko. "Kabula yuko wapi? Mbona Kabula hajaja?" Nikafuta uso kwa pindo la gauni. Sikumwendea kwa mbele. Nilizunguka jengo, nikaja kwa nyuma, nikaita "Bibi" kabla hajageuka, ili sauti imfikie kwanza.

Akageuka. Akautazama uso wangu kwa muda mrefu, kuanzia paji mpaka kidevu, mkono wake ukaja juu ya bega langu wenyewe.

"Kumbe ni wewe niliyekutuma," akasema.

"Ndiyo, Bibi," nikasema. "Nimemleta."